Tathmini ya injini ya sataranji: namna ya kuiandika kwa mkono, kanuni baada ya kanuni

Mpe mchezaji mzoefu ubao uliofika katikati ya mchezo, atakwambia upesi nani yuko juu, na akishakwambia atakupa sababu: mweusi kazidiwa askari, lakini mweupe mfalme wake hana pa kujificha. Injini, yaani programu inayocheza sataranji, haina jicho hilo. Inachojua ni kuchimba hatua za mbele kwa maelfu na mamilioni, na kila ikifika mwisho wa kina chake inahitaji namba moja: mkao huu ni mzuri kiasi gani, na kwa nani? Kinachotoa namba hiyo ndicho tunachokiita tathmini. Hapa tunaiandika wenyewe, bila mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza namba zake yenyewe kutokana na mifano.

Kuna watakaosema kazi hii imepitwa na wakati. Kwa nguvu tupu, wana haki. Injini ya Stockfish iliingiza mtandao wa neva uitwao NNUE katika toleo la 12 mwaka 2020, na toleo la 16.1 la mwaka 2024 likatoka bila tathmini ya mkono kabisa. Lakini mtandao hauwezi kukueleza kwa nini umesema +63. Tathmini ya mkono inaweza, na hiyo ndiyo sababu naipendekeza kwa vijana wa hapa Tanga wanaojifunza kuandika programu kwa laptopu za mtumba: kila namba utakayoiweka utaweza kuibeba hadi barazani ukabishane nayo na watu wanaojua kucheza. Namba usiyoweza kuitetea mbele yao haistahili kukaa ndani ya programu yako.

Nachukulia tayari unao ubao, uzalishaji wa hatua halali, utafutaji wa alfa-beta (unaoruka matawi yasiyoweza kubadili jibu), na ule utafutaji wa utulivu unaoendelea na ulaji wa kete mpaka kusiwe na cha kuliwa kwa faida. Kama kutoka mkao wa mwanzo hesabu yako ya hatua kwa kina cha 5 haitoi 4,865,609, rudi ukarekebishe hilo kwanza. Tathmini haiponyi uzalishaji mbovu wa hatua.

1. Amua kipi si kazi ya tathmini

Anayeanza hutaka tathmini ione kila kitu: farasi anayetisha malkia na ngome kwa pamoja, kete iliyoachwa bila mlinzi, mfalme atakayefungwa kwa hatua mbili. Hayo ni ya utafutaji, nao utayaona vizuri kuliko kanuni yoyote utakayoitunga. Tathmini ni kama dalali wa samaki pale soko la Deep Sea: anatazama tenga, anataja bei, hasubiri mtu apike ndipo aseme. Kazi yake ni mambo yanayodumu, yale ambayo faida au hasara yake itaonekana baada ya hatua ishirini ambazo injini haiwezi kuzifikia: askari walivyopangika, kete zilivyo huru, mfalme alivyo salama.

Amua pia mtazamo. Kama utafutaji wako ni wa negamaksi, yaani unaotumia kanuni moja kwa pande zote mbili kwa kugeuza alama kila zamu, namba lazima itoke kwa jicho la mwenye zamu: chanya ikiwa yeye yuko mbele, hata akiwa mweusi. Hesabu yote ifanye kwa upande wa mweupe, kisha mwishoni kabisa ubadili alama kama zamu ni ya mweusi. Ukitawanya alama za kujumlisha na kutoa kila mahali, utatafuta kosa hadi alfajiri.

2. Bei za kete

Tutumie pointi, askari mmoja akiwa 100, ili tusihangaike na desimali. Claude Shannon, katika makala yake ya mwaka 1950 kuhusu kompyuta kucheza sataranji, alitumia malkia 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, askari 1, na mfalme 200 ili asipotee kamwe. Alan Turing naye alimpa askofu 3.5 na malkia 10. Bei za Shannon ndizo wengi wetu tulizofundishwa, na zina tundu.

Tazama tundu lenyewe. Mweupe ana askofu c4 na farasi g5, wote wanaelekea f7. Mweusi ameshamficha mfalme wake upande wa mfupi, yaani mfalme g8 na ngome f8. Askofu anamla askari wa f7, ngome inamla askofu, farasi anaila ngome, mfalme anamla farasi. Kwa bei za Shannon mweupe ametoa 3 + 3 na kupata 1 + 5. Sita kwa sita, hakuna aliyepoteza. Mtu yeyote aliyecheza kidogo anajua si kweli: mweupe ameteketeza kete mbili zilizokwishatoka vitani, na ngome zake bado zimekaa kona hazina kazi. Injini yenye bei hizo itafanya biashara hiyo kila ikipata nafasi, na itakutia aibu.

Tomasz Michniewski, mwandishi wa programu za sataranji, aliliziba kwa bei rahisi: askari 100, farasi 320, askofu 330, ngome 500, malkia 900. Askofu na farasi sasa ni 650, ngome na askari ni 600. Biashara ya f7 inakataliwa. Malkia na askari ni sawa na ngome mbili. Anza na hizo. Ongeza zawadi kwa anayemiliki maaskofu wawili, kwa sababu kwa pamoja wanafika miraba ya rangi zote. Larry Kaufman, katika utafiti wake wa mwaka 1999, aliikadiria zawadi hiyo kuwa nusu ya askari. Mimi huanza chini ya hapo, pointi 30, kwa sababu sehemu ya faida hiyo itaingia tena kupitia uhuru wa kutembea tutakaoufikia mbele.

3. Majedwali ya miraba

Kwa kila aina ya kete andika jedwali la namba 64: kete hii ikikaa hapa, ongeza au punguza kiasi gani. Katika majedwali ya Michniewski farasi wa kona hupoteza 50, wa katikati hupata 20. Askari wa d2 au e2 aliyegoma kutoka hupoteza 20, aliyefika d4 au e4 hupata 20. Kwa majedwali hayo tu injini yako itaanza kufungua mchezo kama mtu aliyefundishwa, bila kitabu cha mianzo.

Mtego uko kwenye mwelekeo. Ukiandika jedwali ndani ya programu kama unavyouona ubao, mstari wa 8 unakuwa juu, ndio unaosomwa kwanza. Lakini programu nyingi huhesabu a1 kuwa 0 na h8 kuwa 63. Kwa hiyo mweupe lazima ageuziwe:

thamani_mweupe = jedwali[mraba ^ 56]
thamani_mweusi = jedwali[mraba]

Alama ile ya ^ 56 hugeuza mstari na kuacha safu ilivyo: a1 inakuwa a8, e2 inakuwa e7. Ukiisahau, askari wa mweupe watapenda kubaki nyumbani na hutajua kwa nini.

Hapohapo andika jaribio la kioo, kabla ya kuongeza kanuni nyingine yoyote. Chukua mkao, geuza mistari (1 iwe 8, 2 iwe 7), badilisha rangi za kete zote, badilisha zamu. Tathmini kwa jicho la mwenye zamu lazima itoke ileile, bila tofauti hata ya pointi moja. Lipitishe kwenye mikao elfu kadhaa kila unapogusa msimbo. Sijui jaribio lingine dogo namna hii linalokamata makosa mengi kiasi hiki.

4. Hesabu mbili, mchezo mmoja

Mfalme ndiye anayelazimisha hatua hii. Malkia wakiwa bado ubaoni, mfalme wa g1 anastahili zawadi ya 30 na wa e4 adhabu ya 40. Kete kubwa zikishaisha mambo yanapinduka: mfalme wa katikati ni mpiganaji, anastahili 40, na aliyejibanza kona anapoteza 50. Ukiweka mpaka mkali, kwamba malkia wakitoka tu tunabadili jedwali, injini itakwepa au itakimbilia kubadilishana malkia kwa sababu ya mruko wa namba, si kwa sababu ya mchezo.

Dawa ni kukokotoa tathmini mbili sambamba, moja ya katikati na moja ya mwisho, kisha kuzichanganya kwa uzito wa kete zilizobaki. Farasi na askofu huhesabiwa 1 kila mmoja, ngome 2, malkia 4. Mwanzoni jumla ni 24.

awamu = ndogo(24, farasi + maaskofu + 2*ngome + 4*malkia)
jumla = (kati*awamu + mwisho*(24 - awamu)) / 24

Ile "ndogo" huchukua namba iliyo ndogo kati ya mbili, kwani askari wakigeuka malkia awamu inaweza kuvuka 24. Mfano: kila upande umebaki na ngome moja na farasi mmoja. Awamu ni 6. Kama hesabu ya katikati inasema +40 na ya mwisho inasema −20, jumla ni (240 − 360) / 24, yaani −5. Kuanzia hapa kila kanuni iwe na namba mbili. Hata bei za kete: katika majedwali ya PeSTO yaliyotokana na injini ya Rofchade ya Ronald Friederich, askari ni 82 katikati na 94 mwishoni, ilhali farasi hushuka kutoka 337 hadi 281. Asiye na muda achukue PeSTO nzima, aishie hapa, na atakuwa na injini itakayowafunga karibu marafiki zake wote.

5. Askari

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, kwa sababu askari harudi nyuma, na kilichoharibika kwao hakitengenezeki.

Mambo matatu yanatosha kuanzia. Askari waliopandana kwenye safu moja: adhabu ndogo, 10 katikati na 20 mwishoni. Askari mpweke, asiye na mwenzake kwenye safu za jirani: 12 na 15. Na askari huru, yule ambaye mbele yake, kwenye safu yake na safu mbili za jirani, hakuna askari wa adui wa kumzuia. Huyu ndiye mfalme wa hesabu yote. Zawadi yake isipande kwa ngazi sawa, ipae. Kwa mwisho wa mchezo jaribu 10, 15, 30, 55, 95, 150 kutoka mstari wa 2 hadi wa 7, na kwa katikati karibu nusu yake.

Usiishie kwenye mstari aliofika. Askari huru aliyezibiwa na farasi wa adui mbele yake ana thamani ndogo sana kuliko mwenye njia wazi. Katika hesabu ya mwisho angalia pia umbali wa wafalme hadi mraba ulio mbele yake: mfalme wa adui akiwa mbali, ongeza, wako akiwa mbali, punguza. Kwa injini changa, kanuni hiyo moja hubadilisha kabisa jinsi inavyocheza mchezo wa ngome na askari.

Sasa angalia kuhesabu kitu mara mbili. Jedwali la Michniewski tayari linampa askari wa mstari wa 7 pointi 50. Ukiongeza 150 za askari huru, injini itauza kete nzima ili amfikishe hapo. Ukileta kanuni mpya, rudi kwenye jedwali upunguze kilichokuwa kinafanya kazi hiyohiyo. Ngome kwenye safu wazi ina shida ileile pamoja na uhuru wa kutembea, na farasi wa katikati vilevile.

6. Uhuru wa kutembea

Shannon alitoa sehemu ya kumi ya askari kwa kila hatua halali. Wazo lake limedumu, ila hesabu imeboreshwa kidogo. Kwa kila kete hesabu miraba inayoifikia, toa ile inayolindwa na askari wa adui, kisha linganisha na kawaida. Farasi hufika miraba 8 kwa wingi, askofu 13, ngome 14, malkia 27. Kwa hiyo farasi: (miraba − 4) × 4. Askofu: (miraba − 6) × 4. Ngome: (miraba − 7) × 2 katikati, × 4 mwishoni. Malkia mpe kidogo sana, la sivyo injini itamtoa hatua ya tatu akaanze kukimbizwa.

Kuna uhaba wa uhuru ambao hesabu hii haiukamati vya kutosha: kete iliyojifungia. Reykjavik mwaka 1972, katika mchezo wa kwanza wa ubingwa wa dunia, askofu wa Fischer alimla askari wa h2, Spassky akasukuma g3, na askofu hakutoka tena. Fischer alishindwa mchezo ule. Injini yenye kina kifupi itafanya vivyo hivyo kila siku, kwa sababu askofu haliwi mara moja. Andika kanuni ya moja kwa moja: askofu wa mweusi h2 na askari wa mweupe g3, au a2 na b3, toa pointi 120, kwa mweupe ni h7 na g6, au a7 na b6. Ni miraba minne tu ya kuangalia kwa kila upande.

7. Usalama wa mfalme

Sehemu ngumu kuliko zote, na sitaimaliza hapa. Anza na ngao: kwa kila askari wako aliyepo mbele ya mfalme, kwenye safu yake na za jirani, ongeza kidogo, safu iliyo wazi mbele ya mfalme, toa 20 au zaidi. Katika hesabu ya mwisho weka sifuri.

Kisha mashambulizi. Chukua miraba inayomzunguka mfalme. Kila mraba unaoshambuliwa na farasi au askofu uhesabu 2, ngome 3, malkia 5. Usizidishe jumla hiyo kwa namba moja. Iingize kwenye jedwali linalopaa polepole mwanzoni na kwa kasi baadaye, kwani mshambuliaji mmoja si chochote na watatu ni msiba. Mshambuliaji akiwa mmoja tu, au adui hana malkia, usitoe kitu. Bila sharti hilo injini inakuwa ya woga, inarudisha kete zote nyumbani kwa sababu askofu mmoja amechungulia.

8. Kutambua sare

Farasi wawili dhidi ya mfalme peke yake hawawezi kulazimisha ushindi, ingawa bei inasema 640. Askofu mmoja bila askari, vivyo hivyo. Rudisha sifuri. Kama zimebaki maaskofu na askari tu, na maaskofu wanatembea rangi tofauti, gawa hesabu ya mwisho kwa mbili. Askari wa pembeni mwenye askofu asiyeimudu rangi ya kona anakogeukia ni sare ikiwa mfalme wa adui ameiwahi kona hiyo.

9. Ifundishe kujieleza

Andika amri inayochapa tathmini kipande kwa kipande: kete, majedwali, askari, uhuru, mfalme, kwa kila upande na kwa hesabu zote mbili. Halafu toka nayo. Baraza za Ngamiani hazikosi drafti wala bao, na wa sataranji wapo ukiwatafuta. Panga mkao ubaoni, uliza "nani yuko juu, na kwa nini?" kabla hujaonyesha namba. Ukianza na namba watu wanaifuata, hasa wakisikia imetoka kwenye kompyuta.

Sikiliza sababu kuliko jibu. Mtu akisema "kaka, hiyo ngome haina pa kwenda," tafuta kwenye orodha yako kipande kinachosema hilo. Kama hakipo, umepata kanuni mpya. Kama kipo na kinasema kinyume, umepata kosa. Ila usichukue namba kutoka kwao. Watu wanajua kipi ni kizuri, si kwa pointi ngapi.

10. Kusawazisha na kupima

Namba nilizokupa ni za kuanzia. Njia ya kuzisawazisha ni ile aliyoieleza Peter Österlund mwaka 2014 kwa injini yake, Texel. Kusanya mikao mingi, laki kadhaa ukiweza, kutoka michezo ya injini yako, kila mmoja na matokeo ya mchezo wake: 1 mweupe ameshinda, 0.5 sare, 0 ameshindwa. Tathmini ya kila mkao, kwa upande wa mweupe, igeuze kuwa makisio ya matokeo:

makisio = 1 / (1 + 10^(−K*tathmini/400))

Kwanza tafuta K inayopunguza wastani wa makosa, yaani tofauti kati ya makisio na matokeo ikizidishwa kwa yenyewe, kisha iache hapo. Halafu chukua namba moja ya tathmini, ongeza 1; wastani ukishuka baki nayo, usiposhuka jaribu kupunguza 1. Zunguka namba zote mpaka hakuna inayobadilika. Tumia mikao tulivu tu. Mkao ambao malkia yuko karibu kuliwa unafundisha uongo. Na kanuni zinazotokea mara chache, kama askofu aliyefungiwa, ziache kwenye namba ya mkono, kwani mikao yake haitoshi kufundisha.

Baada ya hapo, michezo. Programu kama cutechess-cli itachezesha toleo jipya na la zamani, kila mwanzo mara mbili kwa rangi zote. Usishangilie 55 kwa 45 katika michezo 100: asilimia 55 ni kama pointi 35 za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji, lakini kwa michezo michache hivyo bahati peke yake inaweza kuleta zaidi ya hizo. Kwenye michezo 1,000 bado kuna mashaka ya karibu pointi 20 kila upande. Tumia jaribio la SPRT, jaribio la kitakwimu linalopima ushahidi mchezo baada ya mchezo, lisimame lenyewe ushahidi ukitosha.

Hapa kwetu ongeza tahadhari mbili. Mchana wa Februari laptopu hupunguza kasi yenyewe kwa joto, na mchezo wa saa mbili usiku si sawa na wa saa nane mchana. Weka kikomo cha idadi ya mikao kwa kila hatua badala ya muda, utapata matokeo yaleyale hali yoyote. Na michezo iandikwe kwenye faili kila mmoja unapoisha, maana umeme ukikatika usiku wa manane hutataka kuanza upya.

Kikomo cha idadi kinaficha jambo moja: gharama. Kanuni ya usalama wa mfalme inaweza kushinda kwa mikao sawa na kushindwa kwa muda sawa, kwa sababu imeipunguzia injini kasi. Kwa hiyo kilichofuzu kipime tena kwa saa, usiku kukiwa kumepoa. Kikishindwa hapo, usikifute kwanza. Hesabu za kete na majedwali zisasishe kila hatua badala ya kuzianza upya, na hesabu ya askari ihifadhi kwa ufunguo wa mpangilio wao, kwani mpangilio huo haubadiliki mara kwa mara. Kasi ikirudi, kipime tena, isiporudi, kitoe.